Kabla hujanunua kiyoyozi, utazame kwanza moshi wa udi

Ndugu yangu wa Fuoni uliyeuliza kama ununue kiyoyozi, kwa sababu chumba chako hakilaliki miezi ya joto ya upepo wa kaskazi ingawa dirisha lake ni kubwa na hulala wazi, nakujibu kwa yaliyonikuta katika nyumba yangu ya matofali ya saruji na bati huko Mwera.

Nami nilikuwa na dirisha kubwa. Usiku mmoja mke wangu alipita na chetezo, nikamwomba akiweke dirishani. Moshi wa udi ukaingia kiasi cha shubiri, ukasimama, kisha ukapanda taratibu na kutanda darini. Tulipofungua mlango, moshi uleule ulilala ubavu, ukakata chumba na kutokea ukumbini. Upepo hauingii pasipo na pa kutokea, hata dirisha liwe pana namna gani. Kwa kuwa hatuwezi kulala milango wazi, fundi alitoboa juu ya mlango, karibu na dari ambako hewa ya moto hukusanyika, akatia matofali ya matundu, akafanya vivyo hivyo katika ukuta wa ukumbi unaotazama uani. Dirisha lenyewe lilikuwa la vioo vya kusukuma, ambalo hufunguka nusu tu; nikaweka la mbao linalofunguka lote, na fundi akanicheka kwamba narudi kwa wazee wa Mji Mkongwe.

Joto la bati ni shauri jingine. Saa nane za mchana ukigusa dari ya jipsamu utaikuta vuguvugu, na joto hilo humshukia mtu kitandani hata feni ikizunguka. Toboa kuta za pembe tatu zinazoshika paa, pande zote mbili, ili hewa iliyofungika kati ya bati na dari ipate kupita, lakini utie wavu, ama sivyo utafuga popo.

Tazama pia uzio wako. Wangu niliupandisha futi 8 upande wa kusini mashariki, nikajizibia upepo wa kusi kwa fedha zangu mwenyewe, na baadaye nikalazimika kuubomoa nusu ya juu.

Ikiwa chumba chako kinatazama magharibi, jua la alasiri hupita chini ya upenu na kupiga ukuta moja kwa moja, kwa hiyo panda mti au weka kivuli nje ya dirisha, kwani pazia la ndani huzuia mwanga wakati joto limekwisha kuingia. Baada ya hayo, ukiona bado unakihitaji kiyoyozi, kinunue, ila matundu ya juu ya mlango itabidi uyawekee vifuniko vya kufunga na kufungua, maana ubaridi nao utatokea humo humo.