Maswali ya Wasomaji: Kupanda Volkano Peke Yangu

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 31. Kiangazi hiki nataka kupanda mlima wa volkano, niende na kurudi siku hiyo hiyo, peke yangu. Njia ina kilomita 8 hadi kileleni, na kupanda ni mita 1,500. Nimeshapanda na kundi mara nne. Mchumba wangu ananuna, rafiki zangu wanasema nitafute mtu wa kwenda naye. Mimi nataka siku moja ya kimya tu. Nikienda, ni kitu gani kinachobadilika mtu anapokuwa hana mwenzake?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nenda. Nimepanda peke yangu kwa zaidi ya miaka ishirini, na kimya unachokitafuta nakijua. Nisingependa mtu akunyime.

Lakini swali lako la mwisho ndilo lenyewe. Mwenzako mlimani hakubebi, wala mzigo wako haubebi. Kazi yake kubwa ni kukutazama usoni na kusema, "Umechoka, turudi." Ukiwa peke yako, anayepima kama umechoka ni huyo huyo aliyechoka. Kwa hiyo uamuzi wa kugeuka uufanye nyumbani, ukiwa umeshiba na akili imetulia, uuandike kwenye karatasi.

Tupige hesabu. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo wapanda milima bado wanaitumia: saa moja kwa kila kilomita 5 za kutembea, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia yako hiyo ni kama saa nne na dakika sita. Naismith hakuwa anafikiria majivu ya volkano, ambako unapiga hatua mbili na moja inarudi nyuma. Ongeza saa moja, na nyingine ya kupumzika na kula. Ukianza saa kumi na moja alfajiri, utakuwa juu kwenye saa tano. Basi andika: saa tano na nusu nageuka, popote nilipo. Hata kama kilele kiko mita mia mbele. Kiangazi mawingu ya radi hupenda kujikusanya alasiri, na kwenye mteremko mtupu kitu kirefu kuliko vyote ni wewe.

Niliwahi kuivunja saa yangu ya kugeuka. Nilikuwa na miaka 38, nikafika ukingo wa kasoko, lile shimo la mdomo wa volkano, nikiwa nimechelewa nusu saa, nikakaa kutazama. Ukungu ukapanda kutoka chini, ukafunika kila kitu. Niliamini naijua njia niliyotokea. Nikaanza kuteremka kwenye changarawe laini, miguu ikizama hadi kwenye vifundo, raha tupu. Baada ya dakika arobaini nikashtuka: upepo ulikuwa unanipiga shavu la kulia, na asubuhi wakati napanda ulinipiga shavu hilo hilo. Nikishuka njia ile ile ilipaswa unipige la kushoto. Nilikuwa nashuka upande mwingine wa mlima. Zile dakika arobaini za kushuka zilinichukua saa mbili na robo kuzipanda tena, na maji yaliniishia njiani.

Kosa hilo linatokana na umbo la mlima wenyewe. Volkano nyingi zimekaa kama kawa lililofunika sinia: ukiwa juu, kila upande ni mteremko, na kila mteremko unafanana na mwenzake. Fikiria uso wa saa ya mshale. Kileleni, njia ya kwenye 12 na ile ya kwenye 1 zimepishana hatua chache. Shuka kilomita 6 na zitakuwa zimeachana kama kilomita 3, na katikati kuna makorongo. Ndiyo maana siku hizi nikifika ukingoni sitazami mandhari kwanza. Nageuka nyuma, napiga picha pale nilipotokea, naweka alama kwenye ramani ya simu, kisha nasoma dira na kuandika namba kiganjani. Dira ishike mkononi usawa wa kifua. Usiilaze juu ya mwamba mweusi, maana baadhi ya miamba hii ina madini ya sumaku yanayouvuta mshale. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Baridi hunyonya betri.

Ndiyo, baridi, hata kiangazi. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5. Na bado mawe meusi yatakuchoma kama kikaango jua likiwaka. Beba vyote viwili, kofia pana na koti la upepo. Maji beba yote utakayokunywa, lita tatu au zaidi. Ardhi ya majivu na mawe yenye vitundu hunywa mvua ikapotea chini, kwa hiyo usitegemee kijito. Funga kitambaa juu ya shingo ya buti, changarawe zisiingie. Kata kucha za miguu siku mbili kabla. Wakati wa kushuka utanikumbuka.

Sasa jambo la volkano yenyewe. Jumamosi ya tarehe 27 Septemba 2014, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, mlima Ontake wa Japani ulilipuka, kileleni kukiwa na watu wengi. Kiwango cha tahadhari kilikuwa cha chini kabisa. Maji yaliyopata moto ardhini yaligeuka mvuke na kupasua njia, wala lava haikuhitajika. Watu 58 walikufa, wengi kwa mawe yaliyorushwa hewani, na 5 hawakupatikana. Sikwambii haya uogope. Nakwambia usome taarifa ya wataalamu asubuhi hiyo hiyo, uvae kofia ngumu, na ukingo wa kasoko usiufanye mahali pa kulala usingizi.

Gesi pia. Ukisikia harufu ya yai viza, ondoka kuelekea upepo unakotoka. Harufu ikikatika ghafla usijipongeze, kwa sababu gesi hiyo ikizidi huiua pua kwanza. Kabonidioksidi haina harufu kabisa, ni nzito kuliko hewa, na hutuama mabondeni siku isiyo na upepo. Mwaka 1986 ilitoka katika ziwa Nyos, lililo ndani ya kasoko huko Kameruni, ikaua watu wapatao 1,700 usiku mmoja. Ukiona kishimo kizuri cha kujikinga na upepo, na ndani yake kuna ndege au wadudu waliokufa, pumzika mahali pengine, palipoinuka.

Na mchumba wako, mwanangu, usimwache anune bure. Mpe kazi. Ile karatasi ya saa yako ifanye nakala, umkabidhi yeye: jina la njia, utaanzia wapi, rangi ya koti lako, saa ya kugeuka, na saa ambayo asipokusikia awapigie waokoaji, namba ikiwa imeandikwa hapo hapo. Kama njia yako ina mita 1,500 za kushuka, weka saa kumi na mbili jioni, isiwe mapema mno akahangaika bure. Halafu ukifika chini, mpigie kabla hujalegeza hata kamba za buti.