Maswali ya Mafundi: Tochi ya gesi ya kujitengenezea

SWALI: Asalaam alaykum fundi. Mie niko Wete, kazi yangu kutengeneza madele ya kahawa na vyombo vya shaba. Watu wananiletea dele mdomo umeachia au kitako kimetoboka, nalehemu kwa risasi lakini halikai, likirudi kwenye mkaa siku mbili tatu linavuja tena. Tochi za dukani bei kubwa. Naweza kuunda yangu kwa bomba na mtungi wa gesi wa nyumbani? Nimejaribu kuchomeka mpira wa jiko kwenye bomba, moto unatoka wa njano, umelegea, masizi matupu.

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Tochi unaweza kuunda, ila kwanza hiyo lehemu ya risasi iache leo leo. Ile ya risasi na bati inaanza kuyeyuka nyuzi joto 183 tu, na dele linashinda juu ya mkaa, maji yakikauka kidogo lazima iachie. Tena risasi ni sumu, inaingia kwenye kahawa haina ladha wala harufu na watoto na waja wazito ndo inawadhuru zaidi. Chombo cha kunywea kinataka lehemu ya fedha, na dukani uliza isiyo na kadmiamu, metali yenye sumu, moshi wake unaweza kuua mtu. Lehemu ya fedha nyingi yake inataka nyuzi 650 mpaka 700 na kitu, pasi ya kulehemu haifiki huko, kwa hiyo haja yako ya tochi ni ya kweli.

Sasa mie msimamo wangu huu: upande wa gesi nunua, upande wa hewa unda mwenyewe. Yaani kuanzia mtungini mpaka kwenye koki ya mkononi, regyuleta, mpira, klipu, koki, vyote viwe vya duka na vya kazi ya gesi, usiniambie mpira wa maji wala kufunga kwa waya, hapo gesi ina presha na ndo panapounguza watu. Baada ya jeti, yaani kile kitundu kidogo kinachorusha gesi, gesi ishatoka kwenye uwazi, huko ni bomba tu na mkono wa fundi.

Moto wako wa njano ni njaa ya hewa. Propani, moja ya gesi za mtungini, kiasi kimoja inataka hewa kama viasi 24 ndo iungue sawasawa, na regyuleta ya jiko inatoa presha ndogo mno, kama milibar 30, haina nguvu ya kuvuta hewa yote hiyo. Tafuta regyuleta ya presha kubwa ya kurekebisha, yenye geji ya kuonesha presha, tochi kama hii inafanya kazi vizuri kati ya bar nusu na 2. Jeti mafundi wengi wanatumia ile ncha ya shaba ya mashine ya kuchomelea ya MIG ya waya wa milimita 0.6, tundu lake lishatobolewa sawa. Bomba la nusu inchi, refu kama inchi 4 na nusu baada ya matundu ya hewa, matundu yawe makubwa na jeti itazame katikati kabisa, ikipinda kidogo tu moto unakwenda upande, hapo usione uvivu kupima na kupima tena. Mdomoni vika kipande cha stenlisi kilichopanuka kidogo, gesi ipunguze mbio moto usiruke. Bomba la maji lenye zinki usilitie mdomoni, likipata moto linatoa moshi utakaokulaza na homa.

Kabla ya kuwasha paka maji ya sabuni kila ungio, ukiona povu linakua funga mtungi. Moto mzuri ni wa buluu na una ngurumo. Moto ukirudi ndani ya bomba ukapiga kelele, funga gesi mara moja, uache tochi ipoe.

Na kwenye dele lenyewe safisha mpaka ling'are, paka boraksi, ile dawa ya kusaidia lehemu ishike, kisha pasha shaba, sio lehemu. Zungusha moto usitulie pahala pamoja kwani shaba ya njano inayeyuka kwenye nyuzi 900 na kitu na moto huu unaipita mbali, mdomo wa dele mwembamba ukiusahau kidogo tu umekwenda. Shaba ikianza kuwa nyekundu gizagiza gusisha lehemu, itakimbia yenyewe kwenye ungio.

SWALI: Fundi, mie wa Mwanakwerekwe, banda langu dogo, mtungi naulaza chini ya meza ili nipate nafasi. Kuna ubaya?

JIBU: Upo tena mkubwa. Mtungi ukilala gesi ya maji inaingia kwenye mpira badala ya mvuke, moto unaruka ghafla mkononi. Simamisha. Pia gesi hii nzito kuliko hewa, ikivuja haipai, inajaa chini kwenye sakafu, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halikusaidii, acha mlango wazi mpaka chini na mtungi uweke nje ya banda kama mpira unafika. Ukisikia harufu usiguse swichi ya taa, funga mtungi kama unaufikia, toka nje.