Majani ya mkorosho na namba zisizotulia

Swali: Shikamoo dada. Nasoma uzamili, napima kwa qPCR (mashine inayonakili DNA mzunguko kwa mzunguko na kuihesabu) jeni ya kinga kwenye majani ya mikorosho yenye ubwiri unga. Mti mmoja jeni imepanda mara sita, mwingine haijapanda kabisa, ingawa vishimo vitatu vya kila sampuli kwenye sahani ya mashine vinalingana vizuri. Jeni yangu ya rejea, ile ya kulinganishia isiyotarajiwa kubadilika, ni aktini. Je, ninunue kemikali za bei zaidi?
*Msomaji, Shangani, Mtwara*

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hela yako itunze kwanza. Vishimo vitatu kulingana maana yake mkono wako wa pipeti umetulia, basi. Vyote vimetoka kwenye kichupa kimoja. Kichupa kikiwa na kasoro, vitalingana kwenye kasoro hiyohiyo.

Anza na jani. Jani la mkorosho limejaa tanini, ukilisaga linageuka kahawia machoni pako, na tanini hizo huandamana na RNA (nakala za jeni unazozitoa kwenye jani) hadi kwenye mashine zikakikaba kimeng'enya kinachonakili DNA. Izimue cDNA yako (DNA iliyotengenezwa kutokana na RNA) mara 10, uipime pamoja na ile isiyozimuliwa. Ct, yaani mzunguko ambao mashine inaanza kuiona jeni, inatakiwa iongezeke kwa takriban 3.3. Ikiongezeka 2 tu, una uchafu unaozuia. Rudia kutoa RNA kwa CTAB (sabuni ya kupasua seli) yenye PVP (inayonasa tanini), kisha upime tena. Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza sampuli za Newala za msimu mzima kwa kutokujua kipimo hiki cha nusu siku, na mpaka leo kinaniuma.

Halafu aktini. Umeipima ukaona haiyumbi, au umeikuta tu kwenye makala za wengine? Kuvu akivamia jani, aktini nayo inaweza kubadilika. Ikihama mizunguko miwili, hesabu yako imepotoka mara nne, maana kila mzunguko huzidisha mara mbili. Mtafiti Vandesompele na wenzake walishaonyesha mwaka 2002 kwamba jeni moja ya rejea haiaminiki. Pima nne au tano kwenye miti mizima na migonjwa, ubaki na mbili tatu zilizotulia.

Na miti yenyewe: mikorosho iliyooteshwa kwa mbegu haifanani hata shambani kwa mtu mmoja. Miti sita kila upande, mizima na migonjwa, itakufaa kuliko vishimo sita vya mti mmoja. Chuma majani ya umri mmoja, saa ileile ya asubuhi, maana jeni nyingi hupanda na kushuka na jua. Na kabla hujachuma, muulize mwenye shamba amepuliza salfa, dawa ya ubwiri unga, miti ipi, na lini.