Maswali na Majibu: Pora (jogoo mchanga) au Tembe (kuku jike mchanga)?

Vifaranga wangu wana siku mbili. Nimeambiwa wenye manyoya marefu ya bawa ni majike. Ni kweli?

Ni kweli kwa vifaranga ambao wazazi wao walichaguliwa kwa kazi hiyo: baba wa ukoo unaoota manyoya haraka, mama wa ukoo unaochelewa. Mama huwarithisha tabia ya kuchelewa watoto madume tu. Majike humfuata baba. Likunjue bawa taratibu, utaona safu mbili. Kwa jike, safu ya chini imeizidi ya juu waziwazi. Kwa dume zinalingana, au ya juu ndiyo ndefu. Fanya hivyo mapema, maana baada ya siku mbili tatu tofauti hupotea. Kwa kuku mchanganyiko, bawa litakuonyesha tu nani kawahi kuota manyoya.

Na rangi je? Jirani yangu anatenganisha wake siku ileile wanapoanguliwa.

Basi jirani yako anawajua wazazi. Jogoo wa Rhode Island Red akimpanda kuku wa Barred Plymouth Rock, vifaranga wote hutoka weusi, ila dume ana doa jeupe utosini. Ukigeuza, jogoo akawa ndiye wa Barred, doa linawatokea wote na hila imekufa. Usijaribu pia kuwapandisha vifaranga hao wakikua ukitegemea doa lile likutenganishie kizazi kinachofuata. Hapo ndipo wengi huumia.

Ndugu mwandishi, nifundishe kumminya kifaranga na kumtazama sehemu ya nyuma.

Kwa maandishi sikufundishi, ndugu yangu. Njia hiyo ilianzia Japani miaka ya 1920, na wanaoiweza hukaa chini ya mwalimu muda mrefu. Kinachotafutwa ni kinundu kidogo mno, na majike wengine nao wana kinachofanana nacho. Mkono mzito humuumiza kifaranga ndani, hata kumuua.

Mama mkwe huning'iniza sindano juu ya yai. Pia husema yai lililochongoka hutoa jogoo.

Msalimie sana, lakini hapana. Jinsia huamuliwa upande wa kuku jike, kabla yai halijavaa ganda. Sindano itapatia kama nusu, kwa kuwa vifaranga wenyewe hutoka karibu nusu kwa nusu.

Wangu ni wa mchanganyiko, wazazi siwajui. Nisubiri mpaka lini?

Kuanzia wiki ya nne hadi ya nane hivi, tazama upanga wa kichwani (wengine huuita undu). Wa pora huwahi kutanuka na kuwa mwekundu, na miguu yake huwa minene. Linganisha wa umri mmoja na, ikiwezekana, wa mama mmoja. Ukichanganya wa ukoo tofauti utamchinja tembe ukidhani ni pora. Wenye panga fupi, zilizolala kichwani, huchelewa kujionyesha. Kwa hao mimi hungoja manyoya ya kiunoni, karibu na mkia, yanayotoka kuanzia wiki ya kumi au kumi na mbili: ya pora ni membamba, yana ncha, yanang'aa na kuning'inia, ya tembe yana mwisho wa mviringo. Ubabe usiupe uzito. Tembe nao hutunishiana vifua wakigombea ukubwa bandani.