Umeuliza Rais anagawaje siku yake

Mwanangu, meseji yako nimeipata, unauliza Rais anagawaje siku yake, analala saa ngapi na mafaili yote yale anayasoma saa ngapi. Mi ya Ikulu nayajua kwa kusikia, kwamba kuna watu kazi yao ni ratiba tu, kuna itifaki, kuna walinzi wanaotangulia njiani, na kikao kimoja kikichelewa vyote vya nyuma yake vinasogea. Ninachokijua mwenyewe ni upande wa anayesubiri.

Nilikuwa darasa la sita, walimu wakatutoa saa mbili asubuhi wakatupanga pale Majani Mapana, mgeni anatokea Segera. Saa sita hola, saa nane hola, jua la Tanga si unalijua, bendera zenyewe za karatasi, ile rangi ya kijani ikaniganda vidoleni kwa jasho. Mama yako mdogo alikuwa la kwanza, akaanguka pale pale, nikambeba mgongoni mpaka chini ya mwarobaini huku mwalimu ananiita nirudi mstarini. Saa kumi na nusu magari hayo yakapita wuu, vioo juu, sikuona hata mkono.

Nimewaambia siku zote, saa ya mtu ni mali yake, ya mtoto au ya waziri. Sasa labda namwonea, labda pale Muheza wenye shida zao walimzuia, na angewapita tungesema ana kiburi, kweli hiyo. Lakini si angetumwa hata mtu mmoja atuambie tukanywe maji?

Babu yako alikuwa na habari yake moja ya Mwalimu Nyerere, unaijua, anaihesabu kwa vidole: Uhuru Desemba 1961, Januari 1962 kaacha uwaziri mkuu kamwachia Kawawa, kaenda kuzunguka nchi kukijenga chama, Desemba ya mwaka huohuo kawa Rais, na 1963 ikatoka tafsiri yake ya Shakespeare. Anasema muda mtu anao, we tazama anampa nani. Mi hapo nilikuwa nambishia, nchi ina wiki sita tu unaiachaje, ila nikikumbuka vile vioo nasema mzee alikuwa na lake.

Huyo wa Majani Mapana basi nimwache, mtu sikumwona hata uso nitamhukumuje, ingawa ulimi unaniwasha. Muulize mama yako mdogo, yeye mpaka leo akisikia king'ora anaingia ndani anafunga mlango.