Mjomba, njia ya Marafa ina mchanga?

Tangu niandike hapa kwamba Malindi ya baiskeli iko nyuma ya lami wala si ufukweni, maswali yamenijia kwa mkupuo. Leo nayajibu matano. Yaliyobaki yasubiri, maana mengine yanataka niulize wagema kwanza.

"Shikamoo mjomba. Natoka Nairobi, nitakuwa Malindi wiki ya mwisho ya Disemba na baiskeli yangu ya changarawe, ile ya usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Simu inanionyesha kijiji cha Marafa ni kama kilomita 35. Naweza kwenda na kurudi asubuhi moja?"

Marahaba. Miguu itaweza, mchanga ndio hautakubali. Simu inahesabu kilomita tu.

Toka mjini alfajiri, kabla matatu za Gongoni hazijachangamka. Ukifika daraja la Sabaki simama kidogo utazame chini: maji yana rangi ya chai ya maziwa. Huo ni udongo uliochukuliwa huko bara, na ndio unaoipaka rangi bahari yetu kila mvua zikinyesha. Ukishavuka na kushika njia ya kuingia ndani, vilima vinaanza. Usitarajie milima ya kwenu. Hii ni migongo ya ardhi tu: unapanda polepole katikati ya mikorosho na minazi, unateremka bondeni penye mahindi na muhogo, unapanda tena, na kabla hujajua ushachoka.

Ardhi ya huku Magarini, ng'ambo ya Sabaki, ni nyekundu, na wekundu wenyewe ni mchanga. Panapong'aa pamekanyagwa, pita bila wasiwasi. Palipofifia kama unga wa sembe, gurudumu la mbele litazama na wewe utaruka. Katikati ya barabara waachie malori. Wewe tafuta ule mstari mwembamba wa pembeni, upana wa shubiri mbili hivi, uliokazwa na bodaboda na nyayo za wanaokwenda kuteka maji. Mstari huo ukipotea kwenye kichaka kwa hatua kumi, utauona umeibuka mbele. Hao wanaoupita kila siku wameshajua mchanga uko wapi.

Halafu upepo. Disemba ni kaskazi: ukienda utakupiga uso na ubavu wa kulia, ukirudi utakusukuma. Wanaokuja Julai au Agosti wanakutana na kusi, mambo yakawa kinyume. Wanakwenda wakiimba, wanarudi wakinuna.

Na kwa nini urudi siku hiyo hiyo? Nyari, lile bonde la Marafa lililochongwa na mvua, saa sita mchana ni joto tupu. Saa kumi na moja jioni ndipo kuta zinapokolea: nyeupe, waridi, chungwa, nyekundu. Wenyeji watakuhadithia juu ya matajiri wa ng'ombe waliokuwa wakioga maziwa hadi ardhi ikawameza, weupe ule ukawa maziwa yao. Lala pale pale kijijini. Asubuhi, miguu ikiruhusu, ulizia njia ya Bungale, alikozikwa Mekatilili wa Menza, yule mama aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka 1913. Yeye alizizunguka kaya hizi kwa miguu, hana gia hata moja.

"Mjomba, mimi ni dada wa Watamu. Wenzangu wanataka tukaendeshe ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke lakini nasikia kuna tembo. Ni kweli?"

Tembo wa kunywa wako vijijini, wa mkonga wako msituni, na wote wawili usikutane nao ukiwa juu ya baiskeli.

Ni kweli, dada, ndovu wapo. Msitu una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, ndio mkubwa kuliko yote iliyobaki ya namna yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Anzeni kwenye ofisi ya msitu pale Gede, lipeni kiingilio, mchukue mwongozaji, na muwe mmetoka kabla jua halijapunga. Mkiona kinyesi kibichi, hata kama njia inawaita, geuzeni.

Sasa la baiskeli. Msitu ule husomwa kwa miti. Mnapoingia kwenye mirihi, ile miti yenye matawi yaliyopanuka kama mwavuli, jueni chini ni mchanga mweupe, laini, mtasukuma. Ukanda wa magharibi una udongo mwekundu, na hapo magurudumu yanatembea. Nendeni bila kelele, huenda mkamwona sengi, yule mnyama mdogo wa pua ndefu mwenye makalio ya rangi ya dhahabu. Mimi nimemwona mara moja tu, kwa muda wa kupepesa jicho.

Mkirudi, magofu ya Gede yako hapo hapo karibu. Baiskeli ziacheni langoni.

"Nimepigwa pancha nne kutoka Ganda hadi Kakuyuni. Fundi mjini ameniambia nijaze upepo hadi tairi liwe kama jiwe. Ni sawa?"

Pole sana. Lakini fundi huyo amekushauri kwa barabara ya lami.

Tairi gumu kwenye mchanga linachimba, na kwenye mawe linakurusha. Libonyeze kwa kidole gumba: likikataa kabisa, toa upepo. Liwe linaingia kidogo, kama embe linaloanza kuiva. Likiingia kama embe bivu umezidisha, chuma cha gurudumu kitagonga jiwe na tyubu itaumwa mara mbili, matundu mawili yanayotazamana.

Pancha zako nne lakini ni kazi ya mbigili. Kale kamwiba kana pembe, na kakianguka vyovyote, pembe moja inatazama juu. Kosa la wengi ni kuziba tundu na kuisahau mbigili ndani ya tairi. Mimi nililijua hilo Kakuyuni, chini ya mwembe. Fundi wa pale alizamisha tyubu kwenye karai, tukaona vipovu, akaparuza, akabandika kiraka. Nilipotaka kuirudisha alinishika mkono, akapitisha kitambaa ndani ya tairi pole pole. Kitambaa kilinasa mahali pawili. Kisha pampu yake ikakataa kushika valvu yangu nyembamba, nikasubiri hadi saa nane mwanangu wa kwanza alipoletwa na bodaboda na pampu ya nyumbani. Tangu siku hiyo natembea na pampu yangu na kitambaa changu.

Kama unatumia tairi zisizo na tyubu, zenye dawa ya maji ndani, mbigili hazitakusumbua sana. Beba tyubu hata hivyo.

"Nina rafiki Mtaliano, tunapopita vijijini huwarushia watoto peremende. Wazee wamenung'unika. Wana haki?"

Wana haki. Mtoto anayekimbilia peremende anakimbilia gurudumu, na kesho atamkimbilia hata dereva wa lori. Watoto wa huku wakiona mgeni hupaza "ciao!" toka mbali. Mwambie rafikiyo apunguze mwendo, aitikie, apite. Akitaka kutumia pesa, kuna mama anauza mahamri na mbaazi asubuhi, na kijana mwenye panga na rundo la madafu. Hao ndio wa kuwaungisha. Picha za watu, aombe kwanza.

"Shikamoo. Sina baiskeli ya changarawe. Nina Black Mamba aliyoniachia babu, haina gia, breki zake ni za vyuma. Mtanicheka nikija nayo kwenye safari yenu ya Jumapili?"

Marahaba, mwanangu. Atakayekucheka hajui kwamba kabla ya hizi zetu, njia zote hizi zilifunguliwa na baiskeli kama yako zikibeba madumu ya mnazi, magunia ya mkaa na bibi harusi. Kwenye vilima utashuka usukume, nasi wengine tutashuka pia, ila sisi tutasingizia kupiga picha. Kaza nati za kiti, tia mafuta kwenye mnyororo, na kwenye mteremko anza kushika breki mapema. Chuma kile hakina haraka.