Si Oslo, ni Notodden

Mji wa muziki wa bluzi (blues) Norwei si Oslo kama wengi wanavyodhani, ni Notodden, mkoani Telemark, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka Oslo. Tamasha lake lipo tangu 1988, hufanyika mwanzoni mwa Agosti, na mji wenyewe ni rafiki rasmi wa Clarksdale, Mississippi, mji wa Marekani unaojulikana kwa bluzi. Ni mji mdogo wa viwanda. Kampuni ya Hydro ilianzia hapo 1905 kutengeneza mbolea kwa umeme wa maporomoko ya maji.

Mimi naishi huku na nimehudhuria. Kinachonipendeza zaidi kuliko majukwaa makubwa ni mitaani: kijana amebeba gita na spika ndogo, mzee kando yake anapuliza hamonika, watu wamesimama na makoti ya mvua na hakuna anayeondoka. Wapo pia vijana wanaofundishwa kwenye shule ya bluzi yenye jina la Little Steven, yule mpiga gita wa Bruce Springsteen, kwa hiyo muziki haujabaki wa wazee tu.

Ila usiende Novemba ukitarajia shamrashamra zile. Nje ya tamasha mji umetulia, ingawa kuna Bok & Blueshuset kando ya ziwa, jengo lenye maktaba na ukumbi wa muziki, lililofunguliwa 2013. Angalia ratiba yao kwanza. Na kwa Agosti, tafuta malazi mapema sana, hoteli ni chache.